Kigari Kilichopiga Goti

Wapo watu wanaodhani upelelezi ni kukimbizana na wezi porini. Sajini Alute hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa Mnyaturu mwenye kitambi na miguu mifupi, na miaka kumi na moja ya polisi ilikuwa imemfundisha jambo moja: watu husema haraka na vitu husema polepole, lakini vitu havina sababu ya kudanganya. Kwa hiyo asubuhi ile ya Ijumaa, aliposhuka kwenye lori la Singida pale Manyoni, alipiga saluti mbele ya meza ya Bwana Inspekta, na swali lake la kwanza likawa, "Gari liko wapi, bwana?"

"Gari la nini?" Inspekta alishangaa. Alikuwa Mzungu kijana, pua imebabuka kwa jua. "Mtu tunaye. Amefungiwa hapo nyuma."

"Nitamwona, bwana. Lakini gari nalo lipo?"

"Lipo uani. Keti kwanza."

Maelezo ya Inspekta yalikuwa mafupi. Siku ya Jumatatu kigari kidogo cha Bwana Stavro, yule Mgiriki mnunuzi wa nta na ngozi, kilikuwa kinateremka mlima wa Kilimatinde. Katikati ya mteremko gurudumu la mbele la kulia lilikunjika chini ya gari, na gari likaingia korongoni. Karani Manase aliyekaa nyuma alikufa palepale. Bwana Stavro alivunjika mbavu tatu, na sasa yuko kitandani anaapa kwa mama yake kwamba ni njama. Dereva, kijana anayeitwa Kefa, alitoka na michubuko ya viwiko tu.

"Wiki moja kabla, Stavro alimzaba kofi mbele ya watu gulioni Issuna," Inspekta alisema. "Mashahidi saba walimsikia akisema, 'Ipo siku.' Na tumekuta hii imefichwa ndani ya blanketi lake." Akaweka spana mezani, ikalia ngwa! "Alilegeza gurudumu. Kesho asubuhi anapanda treni kwenda Dodoma, shauri la mauaji. Unajua mwisho wake."

Alute aliujua. Mwisho wake ulikuwa kamba.

"Nina muda gani, bwana?"

"Mpaka jua lichwe."

Alute aliichukua spana ile, akaitia mfukoni.

*

Kefa alikuwa ameegemea ukuta wa mahabusu, kijana wa Kinyiramba, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliinuka haraka.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Nani hutengeneza gari la Bwana Stavro?"

"Mimi mwenyewe. Likinishinda, tunaita fundi."

"Nani hutia grisi?"

"Mimi, kila Jumamosi. Sijawahi kuruka hata moja. Nasukuma bomba mpaka grisi inamwagika nje."

"Unaiona kwa macho ikiingia?"

"Nalala chini ya gari, Sajini, giza na vumbi. Napapasa kwa vidole. Ikinijaa mkononi najua imeshiba."

"Na hilo kofi?"

Kefa aliinamisha kichwa. "Wiki tatu usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na mbele panalia, ngwii, ngwii, kila kona. Nilimwambia Bwana, akasema natafuta siku ya kulala. Tulipofika Issuna nikakataa kuendelea, ndipo akanizaba. Nikasema ipo siku. Ipo siku gari hili litatuua! Ndiyo maana yangu. Hao mashahidi wako walisikia kichwa, hawakusikia mkia."

"Spana ilifanya nini ndani ya blanketi?"

"Ya baiskeli yangu. Manyoni hapa ukiacha spana nje inaota miguu."

Alute hakucheka, ingawa alitaka. Alikuwa ameshaambiwa uongo mzuri kuliko huo mara nyingi.

*

Uani, kigari kilikuwa kimepiga goti. Watu wa Manyoni walikuwa wameshakipa jina hilo, na hawakukosea. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya kijivu, mgongo wa mviringo, na upande wa mbele wa kulia kilikuwa kimelala chini kama ng'ombe anayeanza kulala. Gurudumu lilikuwa limekunjwa ndani ya madigadi. Kilichomshangaza Alute ni kwamba gari lile lililokaa siku nne kwenye vumbi la Oktoba lilikuwa safi, linang'aa. Mzee mmoja amechuchumaa kando yake, anafuta boneti kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi." Baada ya salamu hiyo ya kabila lake, mzee akahamishia kitambaa mkono wa kushoto ili atoe wa kulia. Alute aliushika. Kidole gumba kilikuwa na ukucha uliopasuka katikati, na kovu lake lilishuka mpaka kwenye nyama.

"Shoka," mzee alisema, alipoona anatazamwa. "Nilikuwa nachonga mzinga. Mimi Mazengo, mlinzi wa Bwana Stavro. Huyo kijana mliyemfunga ni mwana wa dada yangu aliyeolewa na Mnyiramba. Mimi ndiye niliyemwombea kazi."

"Na gari unalifutia nini, mzee? Si limeshavunjika?"

"Sasa likivunjika ndiyo likae chafu?" Mazengo alikasirika kidogo. "Kefa kazi yake kuendesha. Mimi kazi yangu vumbi. Toka siku ya kwanza aliniambia, 'Mjomba, gari adui yake ni vumbi. Vumbi likiingia ndani linakula vyuma.' Basi mimi na vumbi hatupatani." Akachukua kibuyu kivulini, akamtilia Alute maji katika kata. Kibuyu kilikuwa kikuukuu, kimepasuka ubavuni, na ufa wake umezibwa kwa kitu cheusi, laini, kilichobonyezwa vizuri hata tone halikutoka.

"Nikimpata aliyelidhuru gari hili," mzee alisema, "Serikali haitakuwa na kazi. Nitamaliza mwenyewe."

Alute alikunywa, akashukuru, akarudisha kata.

Fundi aliyeagizwa na Alute tangu jana alifika saa nne, amebeba jeki begani. Aliitwa Urbano, ana gereji ya malori kule Shelui, na ufundi wake aliupata jeshini wakati wa vita vya Burma. Hakuwa na shikamoo ndefu.

"Ee, Mnyaturu! Wamekuleta kupeleleza gari? Wewe si unajua ng'ombe tu?"

"Ndiyo maana nimemwita Mnyiramba. Vyuma ni vyenu toka kwa babu zenu. Haya, nionyeshe."

Alute alimwomba mzee Mazengo ampelekee Kefa uji, kisha achote maji kisimani. Mzee akaondoka na ndoo. Hapo kazi ikaanza.

Kwanza spana. Alute mwenyewe alipiga magoti, akaijaribu kwenye kila nati ya gurudumu lililovunjika, kisha la kushoto, kisha kila bolti iliyoonekana mbele ya gari. Kubwa zilikuwa kubwa mno, ndogo zikacheza ndani yake. Haikushika hata moja. Akaandika kwenye daftari: *Spana haihusiki.* Zile nati za gurudumu nazo zilikuwa zimekazwa zote, kutu haijaguswa.

"Basi gurudumu halikulegezwa," alisema.

"Halikulegezwa," Urbano alijibu toka chini ya gari, miguu tu inaonekana. "Gurudumu liko salama kwenye mguu wake. Mguu ndio ulioachia gari. Njoo huku, Sajini. Usiogope kuchafua kaptula ya Serikali."

Alute alijiviringisha kwa tabu mpaka akalala kando yake. Urbano akagonga chuma kirefu kilicholala sambamba na gari, kinene kama mpini wa jembe.

"Gari hili halina springi mbele. Lina hii. Fimbo ya chuma, moja kila upande. Tairi likipanda jiwe, fimbo inajisokota. Jiwe likipita, inajisokotoa. Siku nzima, Manyoni mpaka Singida, inajisokota na kujisokotoa, wala haikatiki."

"Chuma kinajisokota?" Alute aliweka kiganja juu yake. Kilikuwa baridi, kigumu, wala hakikuonyesha dalili ya kujikunja hata kwa mwaka mzima. "Hebu acha utani."

"Haki ya Mungu. Na hiyo ni nzima. Shokomzoba nayo nzima, haikuvuja. Sasa tazama mguu wenyewe." Akavuta kipande cha chuma kilichochomoka, akakisugua kwa kitambaa, akakiweka kifuani kwa Alute. "Hii mafundi tunaita kingpini. Huku chini ina meno, kama skrubu. Imeingia kwenye nyumba yake, nayo nyumba ina meno yake. Ukikata kona, skrubu inazunguka kidogo. Ukirudi, inarudi. Upande wa kulia meno yamechongwa kwenda huku, upande wa kushoto yamechongwa kwenda kule, ili pande zote mbili ziinuke pamoja. Na uzito wote wa mbele, injini, dereva, Bwana Stavro na tumbo lake, umebebwa na skrubu hizi mbili."

Alute alikitazama chuma kile kifuani pake. Alikuwa amepanda magari mangapi maishani mwake? Hakuwahi kuuliza amebebwa na nini. "Watu watatu na injini," alisema taratibu, "juu ya skrubu mbili."

"Mbili tu. Na bado inadumu miaka, kama inakula grisi. Ikikosa, meno yanasagana. Kwanza usukani unakuwa mzito. Kisha mbele panalia. Kisha siku moja meno yanaisha, skrubu inachomoka, gari linapiga goti." Akageuza chuma. "Papasa mwenyewe."

Alute alipapasa. Pale palipotakiwa kuwa na meno palikuwa laini kama kokoto la mtoni. Usukani mzito, mbele panalia. Kijana alikuwa amesema kweli, tena kwa mpangilio uleule.

"Kwa hiyo hakutia grisi," alisema.

"Hapo ndipo kichwa kinaniuma. Tazama nje." Urbano akaonyesha kwa kidole. Grisi ilikuwa imeganda kila mahali kuzunguka chuma, tabaka juu ya tabaka. "Grisi ya miezi. Mtu ametia, ametia, ametia! Ndani hamna hata tone. Pakavu, vumbi jekundu la chuma tupu."

Wakatia jeki upande wa kushoto, ule mzima. Urbano akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza, kwa, kwa, kwa. Akafyonya. "Hili nalo lilikuwa linakuja. Lingefika Singida, lisingerudi."

Akachukua bomba lake la grisi, akalichomeka kwenye chuchu ya kutilia grisi, akasukuma kwa nguvu zake zote. Grisi haikuingia. Ikafura pembeni mwa mdomo wa bomba, ikamjaa mkononi. Wakatazamana.

"Inamwagika nje," Alute alisema. "Ndivyo alivyosema kijana. Ikinijaa mkononi najua imeshiba."

Urbano aliifungua chuchu kwa spana yake, akachukua waya, akausukuma ndani ya tundu. Upande wa pili kukatokea uzi mweusi, ukajikunja taratibu, ukadondoka kiganjani kwa Alute. Sajini aliunusa. Akawasha kiberiti, akausogeza. Ukayeyuka, na harufu ya asali ikajaa chini ya kigari.

"Nta!" Urbano aliruka nusura apasue kichwa. "Basi shauri limekwisha, Sajini. Stoo ya Mgiriki imejaa nta mpaka darini. Kijana kaiba kipande, kaziba, halafu kila Jumamosi anajifanya anatia grisi. Shetani huyu! Miezi yote hiyo anangoja mtu afe!"

Ilikaa vizuri. Ilikaa vizuri mno, na Alute aliona kamba ikikaribia shingo ya Kefa kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa chini, mgongo kwenye tairi.

"Fungua zote," alisema.

"Zote zipi?"

"Kila chuchu ya gari hili."

"Zipo kumi na mbili, bwana! Nyingine za breki ya mkono, nyingine huko nyuma, haziwezi kumuua hata kuku."

"Fungua, Mnyiramba."

Ilichukua zaidi ya saa mbili. Urbano alilalamika kila moja, kisha akaacha kulalamika, na zile za mwisho alizifungua bila neno. Zote kumi na mbili zilikuwa zimezibwa, nta imeyeyushwa na kumiminwa moto mpaka ndani, ikapanguswa juu kwa unadhifu. Pale kwenye mguu wa kushoto, mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, na mahali pa mpira mtu alikuwa ameweka bonge la nta ileile, amelizungusha, amelibonyeza. Lilikuwa zuri kama kazi ya mfinyanzi.

"Nta ya Stavro umewahi kuiona?" Alute aliuliza.

"Nani hajaiona? Ya njano, imechujwa, mikate mikate."

"Na hii?"

"Nyeusi. Ina gundi. Hii ni ya wale nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa kwenye magogo."

"Haya. Sasa niambie wewe uliyepigana vita. Adui akitaka kuua watu kwenye gari, ataziba matundu mangapi?"

Urbano alifikiri. "Moja. La kulia au la kushoto."

"Huyu ameziba kumi na mbili. Mpaka ya breki ya mkono. Mpaka mpira uliochanika ameuzibia, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Nimekaa kazini miaka kumi na moja, Urbano, sijaona chuki inayofanya kazi kwa uangalifu namna hii. Mtu huyu alilipenda gari." Akasimama, akapangusa magoti, akainama tena kwenye lile bonge la mguu wa kushoto. Jua la mchana lilikuwa limelipiga kwa ubavu. Katikati yake palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yote inaonekana, midogo, mingi, safi, kana kwamba imechorwa na malaika. Na mstari mmoja mpana uliikata alama ile katikati, kutoka juu hadi chini.

Alute aliitazama kwa muda mrefu. Kitu kidogo hivi, na kilikuwa kimekaa pale chini ya gari, gizani, miezi yote hiyo, kinangoja mtu alale chini akione. Akarudi nyuma hatua moja.

"Unaogopa nini?" Urbano aliuliza.

"Nimeshampata," Alute alisema. "Na laiti nisingempata."

*

Mzee Mazengo alirudi na ndoo kichwani. Alipoziona chuchu kumi na mbili zimepangwa juu ya gunia, aliitua ndoo haraka, maji yakamwagika.

"Nani amezifungua? Mnataka vumbi liingie?"

"Mimi, mzee," Alute alisema. Akavua kofia. "Kazi hii ni ya nani?"

"Ya nani tena? Yangu." Mzee alichuchumaa, akaokota moja, akaipulizia. "Mwezi wa tano, mvua ilipokwisha, kabla upepo haujaanza. Kefa alikuwa amelala homa. Niliona matundu wazi, madogo, lakini vumbi linapita. Kibuyu cha asali ukikiacha na tundu dogo hivi, siku ya tatu unakuta mchwa na mchanga. Nikayeyusha nta ya nyuki wadogo, hiyo ndiyo haipasuki kwa jua. Nikaziba yote. Sikumwambia mtu, nani anajisifu kwa kazi yake?" Alitazama uso wa Sajini, akatafuta sifa. "Mmefungua ndani. Mmeona. Je, vumbi liliingia?"

Urbano aligeuka, akatazama ukuta.

"Halikuingia, mzee," Alute alisema. "Hata chembe."

"Nilijua!"

"Lakini matundu yale, mzee, ndiyo mdomo wa gari. Grisi hupita hapo. Kefa alikuwa anatia, haiingii. Chuma kilikauka, meno yakasagika. Ndiyo maana gari lilipiga goti."

Mazengo alibaki na chuchu kiganjani. Alimtazama Sajini, kisha fundi, kisha kile chuma kilicholainika kama kokoto. Alikiokota, akakipapasa kwa kidole kile chenye kovu, juu, chini, juu, chini. Mtu aliyechonga mizinga maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa chuma mara mbili.

"Manase alikuwa ananisomea barua za mwanangu," alisema hatimaye. "Kila mwezi. Hakunidai hata yai."

Akakiweka kile chuma juu ya gunia, taratibu.

"Na Kefa?"

"Kefa anasafirishwa kesho kwa kosa la kuua. Isipokuwa wewe useme uliyoniambia, mbele ya Bwana Inspekta, yaandikwe."

Mzee akainuka. Magoti yalimlilia. Akaunganisha mikono, akainyoosha mbele. "Nifunge mimi, kijana atoke."

"Sikuja na pingu, mzee," Alute alisema. "Njoo na nta tu."

*

Bwana Inspekta aliweka bonge la nta dirishani, akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama. Alikaa hivyo mpaka Alute akadhani amelala. Alipoinuka, alikuwa amevua kofia, wala hakuonekana kujua kwamba ameivua.

"Yote kumi na mbili?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yote, bwana."

Inspekta alimtazama mzee aliyesimama mbele ya meza, miguu pekupeku, vumbi la uani halijamganda hata kidogo. "Hakuna mauaji hapa," alisema. Akavuta droo, akatoa hati ya safari ya treni yenye jina la Kefa, akaichana mara mbili. "Ajali. Andikeni, atie sahihi."

Karani wa polisi aliandika maneno ya mzee, akayasoma kwa sauti, akauliza kama ndivyo. Ndivyo. Kwa kuwa Mazengo hakujua kuandika, walimsogezea kidau cha wino. Karani akamshika mkono kumwelekeza, lakini mzee aliutoa taratibu. Akachovya kidole gumba mwenyewe. Akakiweka chini ya karatasi, mahali alipoonyeshwa, akakibonyeza, akakizungusha kidogo pembeni, upande huu, kisha upande huu.

"Inatosha, babu," karani alisema. "Inua."

"Ngoja kwanza," Mazengo alisema, hakuinua kidole. Machozi yalikuwa yanamdondokea mkononi. "Ngoja ishike."

Sajini Alute alikuwa amesimama mlangoni na funguo za mahabusu. Akangoja.